Kijiwe cha Kiberiti cha Baba

Mama yangu wa Bombo,

Nakuandikia kutoka sokoni Bwera. Mvua ya mlimani imetukusanya chini ya turubai la fundi wa viberiti, mtu wa Butembo. Nilimpa kile kiberiti cha petroli cha Baba, ulichokifunga kwenye leso tangu tumzike. Alikigeuzageuza, akasema, "Iko muzima. Ni kajiwe tu njo kaliisha," yaani kijiwe cha cheche tu ndicho kilichokwisha.

Kumbe si jiwe. Ni metali iitwayo seriamu, imechanganywa na chuma. Ukiikwaruza, vumbi lake linashika moto lenyewe hewani. Fundi anasema iligunduliwa Sweden zamani sana, ikahesabiwa na metali adimu, ingawa ardhini imejaa karibu sawa na shaba.

Aliposema shaba nilimkumbuka Baba, askari wa lindo pale mgodi wa shaba wa Kilembe. Kiberiti kikigoma alilaumu petroli ya magendo, akaimwaga, akatia nyingine. Ni sisi watoto, Mama. Tulikuwa tukijificha chini ya kitanda tukirusha cheche mpaka kijiwe kinaisha, na hatukumwambia mpaka amekufa.

Fundi alitia kipya, akazungusha gurudumu. Nikasikia ule mkwaruzo wa kila asubuhi, Baba akikuwashia sigiri kabla hajavaa buti.

Fundi alitaka kutia na petroli, nikamkataza; hiyo tutatia nyumbani. Mungu akutunzie hayo magoti yanayokuuma. Asubuhi ya siku nitakayofika, usiguse kiberiti cha njiti. Moto wa kwanza utauwasha wewe.

Mwanao,
Zainabu