Maua ya Kijani kwenye Milango ya Thirza

Nyumba Na. 2, Njia ya Gatini,
Braunston, Northamptonshire.

Jumapili, 18 Machi 1951

Mpendwa binamu Dorcas,

Hujambo, na shemeji Walter hajambo? Ivy naye, meno yamefika mangapi? Tunasoma magazetini kwamba baridi ya huko Kanada mwaka huu imegandisha hata magari, nami kila nikiwasha jiko nakukumbuka. Natumai nyote mko chini ya blanketi nzito na kikohozi cha Walter kimekwisha.

Huku tu wazima, isipokuwa jambo moja la baba yako, Mjomba Enoch. Nitalieleza kwa utaratibu wake, na nakuahidi mapema kwamba si msiba.

Kopo la nyama ulilotutumia lilifika salama. Mgao wetu wa nyama wiki hii ulitosha sahani moja, kwa hiyo Mjomba Enoch alilibeba kopo lako mezani kama kombe la mashindano.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila kitu kwenye shajara. Tangu Oktoba nimekuwa nikikusanya maneno ambayo watu huyaita mapambo ya mashua, yaani maua na makasri anayopaka baba yako, shaba inayosuguliwa, na lesi za madirishani. Bwana Crale, meneja mpya wa kampuni ya mashua, husema makorokoro. Mke wa kasisi husema madoido, tena akitabasamu. Mpima makaa husema mbwembwe. Nimefikisha maneno kumi na manne, na kumi kati ya hayo ni ya kubeza. Nikashangaa: ikiwa vitu hivi havina maana, mbona watu wamejisumbua kuvitungia majina mengi hivyo? Baba yako hana hata moja. Nilipomwuliza anaviitaje, alisema, “Kazi.”

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Jumamosi tarehe 24 Februari, Mjomba alipokwenda kunyoa, nilipanga rafu yake ya rangi. Ilikuwa inaniudhi tangu Krismasi. Makopo yalikuwa yamesimama ovyo, mengine hayana karatasi ya jina. Niliyapanga kwa ukubwa na kuyabandika majina kwa mwandiko wangu bora. Nilijisifu sana kwenye shajara jioni ile.

Jumanne nikampelekea chai karakanani. Alikuwa amemaliza milango ya chumba cha mashua ya Thirza Pocknell. Unamkumbuka Thirza, yule anayepeleka makaa London na mumewe, mwenye sauti inayosikika mbele yake kwa umbali wa malango mawili ya kuzuia maji ya mfereji. Waridi zote zilikuwa za kijani, na majani yake mekundu. Unajua nilifanya nini, Dorcas? Niliandika: “Mjomba amebuni mtindo mpya. Mwulize umetoka wapi.” Mimi mwenye macho mazima, nilitazama nisione.

Thirza alikuja Alhamisi kuichukua mashua. Hakuwa amefika hata karibu alipopaaza sauti.

“We Enoch! Hizi waridi au kabichi?”

“Waridi, mama. Umelewa asubuhi yote hii?”

“Mimi nimelewa? Njoo uzione mwenyewe basi!”

Baba yako akaja. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, kisha akaupapasa kwa ncha za vidole, kama vile rangi ingeweza kumwambia kitu. Thirza akamtazama machoni, akaelewa kabla yangu.

Hapo Bwana Crale akatoka ofisini. Ujue kwamba tangu mwaka jana anasema kampuni ingependa mashua zote zipakwe rangi moja, jina na namba tu, na kwamba anamvumilia mzee maadamu mzee anaiweza kazi. Angegundua tu, meza ya Mjomba ingetolewa siku ile ile, na waridi zingekwisha pamoja naye.

“Makorokoro yenu yamekwisha?” akauliza. “Gati linahitajika.” Akaitazama milango, akatazama saa yake.

“Yamekwisha, bwana,” Thirza akajibu. “Yamependeza kuliko ya mwaka juzi.”

Bwana Crale akarudi ndani. Waridi za kijani, Dorcas, hatua tatu mbele yake, na hakuona kitu! Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu hapo.

Alipoondoka ndipo Thirza akashusha sauti. “Tangu lini, Enoch?”

“Mwaka na nusu. Ukungu tu.”

“Ukungu tu! Mtu hupapasa mkate gizani, si milango yangu mchana. Sasa sikiliza. Nakwenda nayo hivi hivi mpaka London na kurudi. Wakinicheka, nitasema nilitaka mwenyewe. Lakini nikirudi nikakuta hujakwenda kwa daktari wa macho, utanijua.”

Jioni nikamwuliza Mjomba aliwezaje kupaka mwaka na nusu bila mtu kujua. Akanieleza bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anahesabu makopo kwa kidole: la kwanza jekundu, la pili njano, la tatu jeupe, la mwisho kijani. Ua lenyewe halihitaji macho, mkono unalijua. Akafumba macho akanipakia waridi moja kwenye kipande cha ubao kwa mipigo saba, na petali zote zikakaa mahali pake. Nilimwomba arudie mara tatu ili nihesabu vizuri.

Hata hivyo hakwenda kwa daktari. Alisema anaogopa kisu kwenye jicho, na kwamba afadhali ukungu unaojulikana.

Thirza alirudi Jumanne iliyopita. Mumewe ndiye aliyetusimulia. Kila lango la maji watu waliuliza, kila gati walicheka, na wapo waliomwita Mama Kabichi hadharani. Unajua mwanamke wa mashua anavyojivunia milango yake. Kila mara alijibu, “Nilitaka mwenyewe,” akaisugua shaba yake akaendelea. Mjomba alisikiliza hadithi yote akiwa amekaa, kisha akaniomba nimletee koti.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia litapasuliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili, na siku hizi upasuaji haulipiwi. Bwana Crale amempa ruhusa ya wiki sita shingo upande, baada ya wanawake tisa wa mashua kumwambia kwamba ndoo zao za maji, ambazo nazo hupakwa maua, zitamsubiri Enoch na hazitaguswa na mwingine.

Alikuwa amenikataza kukuandikia. Jana alikubali, na akaniambia niongeze maneno haya kama alivyoyasema: “Mwambie Dorcas ile picha ya mtoto aliyonitumia wakati wa Krismasi, nilipoandika kwamba Ivy amechukua pua ya mama yake, nilibahatisha. Sijamwona bado. Picha nakwenda nayo hospitalini.”

Mwandikie kabla ya tarehe tisa, tafadhali. Nitamsomea.

Nisalimie shemeji Walter na mama mkwe wako. Shangazi Keziah anakusalimu sana, na Thirza anauliza kama Kanada kuna mifereji. Mungu awalinde na baridi, na auongoze mkono wa daktari.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye daima,

Hester