Asubuhi Jedwali Lilipofunga Mgao

Kakuma

Mama yangu,

Ejok, kama wanavyosalimiana huku. Goti lako linaendeleaje? Sasa unatembea bila fimbo, au unatudanganya tu kwenye simu? Mimi ni mzima, ila jua limenichoma na chai ya maziwa ya ngamia imeninenepesha.

Uliuliza kwa nini siku ile nilikupigia nikilia. Unajua natunza kompyuta zinazotambua kadi za wakimbizi wanapochukua chakula. Nafasi ya namba za kadi ilikuwa inakaribia kujaa, na mkuu wetu aliye Lodwar akaagiza niipanue asubuhi kabla ya mgao. Kwenye jedwali dogo la majaribio, kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa. Lakini jedwali lenyewe, ile orodha ya kadi zote, lina kumbukumbu za miaka. Kompyuta haipanui safu moja tu ya namba. Inaandika jedwali zima upya, na ikiandika hairuhusu yeyote kusoma. Ni kama tulipobadilisha rafu za duka lako, kila kitu kikawa chini na mlango ukafungwa.

Foleni ikarefuka juani, kompyuta bado inaandika. Mkuu akasema kwa simu, "Usiguse." Kukatiza kungetupa kazi yote ya asubuhi, na mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Mama mmoja Mkongo akaja dirishani na mtoto mgongoni, bila ugomvi. "Miye nazoea kungoja," akasema. "Huyu hajazoea."

Nikamtazama Akiru, mwenzangu, msichana wa Lodwar.

"Simamisha," akasema. "Hii watu iko kwa jua. Mkubwa tutaongea na yeye."

Nikasimamisha. Jedwali la zamani likarudi lilivyokuwa, na yule mama akaondoka na unga kichwani. Baadaye tuliongeza safu mpya kando ya ile ya zamani, tukahamisha namba kidogo kidogo huku watu wakihudumiwa. Hakuna kwenye foleni aliyejua.

Mkuu alipokuja, nilikuwa nimeshakupigia simu ile na kufunga begi, nikijua nitafukuzwa. Kabla sijafungua kinywa, Akiru akasema, "Tulisimamisha sisi wawili." Mama, hakuwa amegusa hata kitufe. Mkuu akauliza kama watu wote walipata chakula. Mkataba mpya nimetia sahihi jana.

Nisalimie Baba Mdogo anayekulimia shamba, na dada yangu mshonaji. Namtaka anishonee gauni mbili zinazofanana, moja ya Akiru.

Begi nimelifungua.

Mwanao,
Nafula