Posa ya Hamadi na Kitabu cha Bi Ruth

Edmonton, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Asha,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limepoa tangu uanze dawa mpya. Mama yu hali gani? Bado anagoma kula mpaka umkalie karibu? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Binti yangu Nasra ameanza kazi hospitali, anarudi amechoka lakini anacheka. Baridi imeshaingia, nami nimeshatoa lile koti ulilosema linanifanya niwe kama godoro.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Kila nikikutumia ujumbe wa sauti najua wanausikiliza watoto, mashoga zako na muuza samaki. Haya ya leo ni yako peke yako. Rafiki yangu anayekaa Stratford anakuja Unguja wiki hii, yeye ndiye atakayekukabidhi.

Kwanza asante. Nitaisema tena mbele, lakini nimeona isingoje.

Habari ya posa ya Hamadi unaijua kama ulivyoisikia kwa Kaka Nassor. Mimi sikupata kukuhadithia. Nilimjua kwenye khitma moja hapa hapa Edmonton. Watu walipokwisha kula, wanaume wenzake walitoka kwenda kuzungumza, yeye akakunja mikono ya kanzu akaosha masufuria yote, akayapanga, akaenda zake. Nikauliza ni nani yule. Nikaambiwa ni Mpemba, dereva wa basi, mkewe amefariki zamani na watoto wake wameshakuwa watu wazima. Mimi nami nilikuwa mjane wa mwaka wa tano. Tukawa tunaonana katika shughuli, tunasalimiana, tunaulizana hali. Mwaka ulipopita akamtuma mzee mmoja kuleta posa kwa heshima zote, na mimi moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Kaka Nassor ndiye walii wangu wa kuniozesha tangu Baba atutoke, kwa hiyo posa ikafika kwake. Akatukusanya kwenye simu, yeye, shangazi zetu na mimi, sura zetu zote kwenye kioo. Hakuna aliyepandisha sauti. Waliuliza dini yake, wakaridhika. Waliuliza kazi yake, wakasema kazi ni kazi. Kisha mmoja akauliza ni mtoto wa nani. Nilipomtaja baba yake, shangazi mmoja akasema, "Si yule wa kambini, aliyekuwa akichuma karafuu katika shamba la babu yenu?" Nikasema ndiye. Pakawa kimya. Shamba lenyewe, Dada, lilichukuliwa na serikali kabla wewe na mimi hatujazaliwa, lakini kimya kile kilikuwa cha watu wenye shamba.

Kaka akasema kwa upole wake ule, "Sisi hatukukatazi, Maryam. Wewe ni mtu mzima. Tunakwambia tu ujifikirie, na jina la Baba ulifikirie."

Jioni akanipigia tena, akanipangia maneno ya kumwandikia Hamadi, neno kwa neno, na mimi nikayaandika kwenye simu yangu. Nikaandika kwamba nashukuru kwa heshima aliyonipa, lakini mimi na jamaa zangu tumeonelea jambo hili lisiendelee. Hamadi akajibu kwamba ameelewa, na Mungu anihifadhi. Asubuhi nikaenda kazini.

Sasa nikueleze kazini kwangu. Katika wazee ninaowatunza yuko bibi mmoja Mmarekani, ana miaka themanini na sita, nitamwita Bi Ruth. Aliolewa na Mwingereza akiwa kijana, akaja huku, akafundisha vitabu vya hadithi katika skuli maisha yake yote. Macho yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu. Nikishamwogesha na kumpa chai, huniomba nimsomee. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu, na yeye alinirekebisha bila kunidharau hata siku moja. Mpaka leo sijapata mwalimu kama yule.

Wakati ule tulikuwa katika kitabu cha Kimarekani cha zamani, hadithi ya matajiri wa mji mmoja mkubwa, watu wa majumba, magari ya farasi na glavu nyeupe. Ndani yake mna mjane wa ukoo mkubwa. Anakuja mhandisi kulaza mabomba ya maji mjini, wanapendana. Mhandisi ana elimu na adabu, ila hana ukoo. Basi jamaa za yule mwanamke hawamgombezi. Wanaendelea kumtabasamia. Kinachotokea ni kwamba karamu zinafanywa asiitwe, na wageni waliokuwa wakimjia kila wiki wanapata udhuru. Nilikuwa nikisoma huku namcheka. Nilikuwa nikimwambia Bi Ruth kwamba huyu mwanamke ana nyumba yake na fedha zake, anaogopa nini?

Wiki ile ile niliyomwandikia Hamadi tukafika mahali wifi yake amekuja, amesimama nyuma ya kiti, anamchagulia maneno ya kumkataa mhandisi, na mwanamke anayaandika. Nikasoma mstari mmoja mara mbili, Dada, nikashindwa kuendelea.

Bi Ruth akauliza kama nimechoka. Nikasema sikuchoka. Kisha nikamweleza yote, kitabu kikiwa mapajani, tangu masufuria mpaka ule ujumbe. Alisikiliza uso ameuelekeza dirishani.

Nilipomaliza akasema, "Nimekifundisha kitabu hiki zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wanitafutie ukurasa ambao mwanamke huyu amekatazwa. Wanatafuta wiki nzima. Haupo."

Nikamuuliza, sasa nani aliyemzuia?

"Endelea kusoma ujue," akasema. "Au kiache hapo kwa leo. Mhandisi wako wewe bado yuko mjini."

Nilicheka na machozi yananitoka.

Siku ya pili yake nilikwenda kwenye mkahawa ulio karibu na gereji yao ya mabasi. Nilimkuta na sare yake, anakunywa chai peke yake. Nilikuwa nimejipangia mengi ya kusema, yote yakapotea. Nikamwambia, "Ule ujumbe niliuandika kwa mkono wangu, lakini maneno hayakuwa yangu. Nimekuja kuyachukua."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Akasema alijua si yangu, maana mimi sisemi "tumeonelea." Nikadhani mambo yamekwisha. Akaweka kijiko.

"Lakini mimi sioi kwa mlango wa nyuma, Bi Maryam. Baba yangu aliingia kwenu kwa mlango wa nyuma maisha yake yote. Mimi nikiingia, kaka yako na anifungulie mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilipotulia nikaona ana haki. Jioni ile ile nikampigia Kaka Nassor, na mara ile nilisema kwa maneno yangu. Nikamwambia namtaka Hamadi, na nataka yeye aniozeshe. Akasema, "Nimesikia," akakata simu. Siku kumi na mbili hakunipigia wala hakupokea. Wewe nilikwambia tu kwamba Kaka hajanijibu, sikutaka kukuweka katikati, na wewe ukanijibu, "Sawa." Nilidhani ndiyo basi.

Siku ya kumi na tatu akapiga yeye. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua. Akanihadithia kwamba ulikwenda kwake Ijumaa baada ya sala, na goti lako hilo, ukapanda ngazi zote zile, ukakaa ukumbini, ukakataa kahawa. Akaniambia ulichosema, nami nakiandika hapa kama alivyonipa.

"Nassor, mimi nilimkataa Said kwa sababu Baba aliniomba kwa upole. Angeniomba kwa ukali, ningemshinda. Nikaolewa nilikotakiwa, na sikulalamika, na leo silalamiki. Lakini hili la kumzuia Maryam usilifanye kwa ajili ya heshima yetu sote. Mimi nitoe. Mimi simo."

Kaka alisema uliinuka ukaondoka hukungoja jibu. Alisema hakuwa akijua habari ya Said. Dada, hata mimi sikuijua. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni wiki moja uliyofungiwa chumbani tukaambiwa una homa, na Mama akitukataza kugonga. Ukitaka kunihadithia siku moja, nitakaa nisikilize mpaka mwisho. Usipotaka, sitauliza.

Kaka alikubali, akampa imamu wa hapa uwakili wa kunioza, mashahidi wakisikia. Nikaha ilifungwa Ijumaa iliyopita baada ya alasiri. Bi Ruth alikuja kwenye kiti chake cha magurudumu na kofia ya kijani, Nasra akimsukuma. Kila kitu alitaka aelezwe. Nasra, ambaye Kiswahili chake unakijua kwamba kinaingia masikioni hakitoki mdomoni, alikaa anamfasiria mawaidha yote, na pale aliposhindwa alikuja kuniuliza kwa Kiswahili, mbele za watu, bila haya.

Tukiwa bado tunakula, simu yangu ikalia. Alikuwa Kaka. Akanipongeza, kisha akasema, "Mpe simu shemeji." Nikampa. Hamadi akasimama kuipokea. Nilimsikia akisema, "Naam, shemeji," mara tatu, baina yake akisikiliza tu. Akanirudishia simu akatoka. Nilipomfuata nilimkuta nje ya ukumbi, pale watu wanapotundika makoti, uso ameuelekeza ukutani. Nilisimama karibu yake mpaka akageuka.

Kitabu cha Bi Ruth tulikimaliza juzi. Mwanamke yule hakwenda popote, alizeekea katika nyumba yake ile ile. Nilisoma mpaka neno la mwisho bila kusita, na Bi Ruth akaniambia Kiingereza changu kimetulia. Keshokutwa tunaanza kingine.

Sina cha kukulipa, Dada. Nasali, nakutaja kwa jina. Kila nikisikia mlango wa nyumba hii unafunguliwa na mtu ananitolea salamu, najua ni nani aliyepanda ngazi ili iwe hivyo.

Nishikie mkono wa Mama umbusu, umwambie mwanawe yu salama. Nisalimie Kaka Nassor na mkewe, na shangazi wote bila kumruka hata mmoja. Wapwa zangu waambie wasome. Jirani yetu Bi Fatma mwambie nimepata ule mchele aliokuwa akiuulizia. Nasra anakusalimu, na Hamadi anakusalimu sana, anataka kukuandikia mwenyewe lakini ameshachana karatasi mbili, anasema hapati neno linalotosha.

Mdogo wako,
Maryam, mke wa Hamadi