Haan Niliyoitundika Ukutani

Ayeeyo,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyouzia maziwa hapa Garissa, ukiivunjavunja bila haya. Bibi yangu, nimekukumbuka mpaka basi.

Tangu tukuzike, nyumba imebadilika. Mbuzi wameuzwa, sebule ina vigae, na haan yako, kile chombo cha kusukwa ulichotikisia maziwa, niliitundika ukutani iwe pambo. Wageni waliisifu, nami nikaringa.

Halafu Hodan akachumbiwa. Mdogo wangu hakutaka zawadi ila buraanbur, utungo wetu wa wanawake, kama ule uliomwimbia mama alipoolewa. Nikakubali mbio. Nikajifungia chumbani, simu nimeizima, nikangoja maneno. Wapi! Harusi ikakaribia, shangazi akaanza kunong'ona kwamba atafutwe mwimbaji kutoka Wajir. Nililia, Ayeeyo. Niliona nyimbo za nyumba yetu zinafia mikononi mwangu.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukingoja. Ulikaa peke yako nyuma ya nyumba, na tukikusumbua unatufukuza: "Enda huko! Maneno nangojea, maziwa nangojea." Mikono yako haikukoma kutikisa.

Jana, baada ya swala ya alasiri, nikaitungua haan. Nikailoweka, nikaifukiza moshi, nikatia maziwa ya mgando. Ilivuja hata hivyo, dera langu likalowa. Ungecheka. Nikakaa mahali pako, nikatikisa. Neno halikuja. Mkono ukauma. Nikaacha kuyafikiria maneno, nikawa nasikiliza maziwa tu yakigonga huku na huku. Kisha sauti ikawa nzito, siagi inashika, na mdomo wangu ukasema:

Anaondoka Hodan na moshi wetu nyweleni,
popote atakapolala patanukia nyumbani.

Subhanallah. Mikono ilisimama. Sikuwahi kuyasikia kwako wala kwa yeyote. Yalikuwa wapi, Ayeeyo? Nani aliyaleta? Mpaka sasa mwili unanisisimka, na ninaogopa kidogo, woga mtamu. Mistari mingine ikafuata mpaka magharibi.

Harusi ni Ijumaa, na nitaimba mimi. Ukutani umebaki msumari mtupu.

Lala salama, Ayeeyo. Mungu alitie nuru kaburi lako. Nakuahidi haan haitundikwi tena. Nitaitia maziwa, nitakaa peke yangu, nitangoja. Na watoto wa Hodan wakija kunisumbua, nitawafukuza kama ulivyotufukuza.