Wino wa Magunia Mgongoni mwa Penitoa

Baba,

Mama Fuatino wa jirani anasema juzi alimwona mke wa mchoraji wa tatoo akiongeza wino wa kupigia chapa magunia ya mbata kwenye kifuu cha masizi ya kuchorea, maana kokwa za kuchoma kupata masizi hayo zilimwishia. Nikamwambia, "Mama, wewe nawe hukosi la kuona." Akajibu, "Haya, kamtazame kaka yako Penitoa mgongo."

Nimemtazama. Kiuno kimevimba, kinatoa usaha, na mwili unachemka. Amenikataza nisikwambie, eti mwanamume aliyeachia tatoo nusu huchekwa mpaka anazikwa. ~~Wewe ndiye uliyemharakisha.~~ Naogopa, Baba. Alfajiri aliniita kwa jina la marehemu mama.

Tunakwenda hospitali mjini Apia kwa basi la kwanza. Nyuma ya kibanda cha mchoraji nimeokota chupa ya wino huo, haina hata karatasi ya kuonyesha ilikotoka. Nimeibeba daktari aione.

Magimbi yako sufuriani. Shuka ya Penitoa usiiguse, nitaichemsha.

Mchana mchoraji anakuja kumalizia mapaja. Najua wewe ndiye utakayenyooshewa vidole kijijini. Hata hivyo nakuomba umwambie asirudi tena. Utamwambia?

Binti yako