Chini ya Tanga

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Sweta uliyonifumia imenikaa vizuri.

Jumamosi tulishindana kwa kile kimashua chetu cha tanga, upepo ukivuma kama umechokozwa. Upepo wa namna ile, kamba ya tanga haifungwi; unaishika mkononi ili uilegeze upesi. Shemeji yako akaifunga. Nilipomkanya akasema, "Kazi yako ni uzito tu, kaa ukingoni mashua isilale. Maneno niachie mimi." Hata nyumbani ni hivyo hivyo.

Tukapinduka. Tanga likanifunika majini, nikapata hewa kidogo chini yake. Nikamsikia akiniita, analia. Ningeweza kuitika, dada. Lakini sijapata utulivu kama ule tangu niolewe, nikakaa kidogo.

Ameshatuandikisha mashindano mengine.

Kile chumba chenu cha nyuma bado kitupu?

Mdogo wako