Fundo la Khanga ya Bibi

Ujiji, Jumanne

Vidonge vya Bibi vya kifafa vimebaki kumi na vinne, sawasawa na inavyotakiwa, na hilo ndilo linalonitia shaka.

Kwa sababu Mama mdogo analala kupita kiasi. Tangu mumewe azame ziwani kule Kagunga alikuwa hapati usingizi kabisa, lakini wiki hii analala hadi dagaa wanakauka upande mmoja bila kugeuzwa. Mwalimu wa Baiolojia alituambia dawa hizi hutuliza ubongo na kuzuia kifafa. Ukizidisha, hata pumzi hupungua. Mgonjwa akiziacha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu.

Leo baada ya chakula nikamkazia macho Bibi. Akapeleka mkono mdomoni, akanywa maji.

"Nimemeza, askari wangu."

Nikafungua fundo la khanga yake. Kidonge kilikuwamo, kikavu.

"Nimnyime mwanangu usingizi?" akasema. "Hapa hata chumvi tunagawana."

"Bibi, hii siyo chumvi. Ukianguka karibu na moto je?"

Mama mdogo, aliyekuwa akikusanya vyombo, akashtuka. "Mama, uliniambia ni vya ziada!"

Mama mdogo mwenyewe akampa kile kidonge na maji. Safari hii nilimwomba Bibi afungue mdomo, akaufungua huku akininunia.

Kesho nitakwenda na Mama mdogo zahanati, akamweleze daktari kuhusu huo usingizi. Amekubali, namshukuru Mungu.

Lakini lile fundo nitalikagua tena.